Swali la lugha: Hokusai alichora, alichonga au alipiga chapa?

Msomaji anaandaa makala kuhusu picha za mandhari za Kijapani, zikiwemo za mchoraji Hokusai. Ameandika: "Hokusai alichonga michoro 36 ya mbao ya Mlima Fuji." Mwenzake kamwambia sentensi haijakaa sawa. Anauliza atumie kitenzi gani, picha zenyewe aziiteje, na kama ile iliyotundikwa makumbusho ni asili au nakala.

Mwenzako amesema kweli. Hokusai alichora. Aliyechonga ni mtu mwingine, aliyepiga chapa ni mwingine tena, na aliyegharimia kazi yote na kuiuza ni mchapishaji. Kiswahili kina kitenzi kwa kila mmoja wao. Kasoro ya sentensi yako ni kuibebesha "kuchonga" kazi ya watu watatu.

Tazama jinsi kazi inavyokwenda. Mchoraji huchora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya kibao cha mti wa cheri wa milimani, uliopasuliwa kwa kufuata urefu wa shina, kisha huchonga akipitia humo humo kwenye karatasi. Hubandikwa kifudifudi ili picha ikae kinyume kwenye kibao, na ikichapwa irudi sawa. Kinachoondolewa ni mbao ya pembeni. Mstari wenyewe huachwa umesimama. Na hapa pana jambo linalogusa swali lako la mwisho: karatasi ya mchoraji huangamia katika kuchongwa. Baada ya hapo huchapwa karatasi chache za mistari mitupu, mchoraji huonyesha rangi zikae wapi, na kila rangi huchongewa kibao chake au upande wake wa kibao.

Kwenye kila kibao mchongaji huacha alama mbili za kupangia karatasi, moja ya kona na moja ya mstari mnyoofu. Huitwa kento, na neno hilo litumie lilivyo, kwa kuwa linatamkika bila shida. Mpigachapa hulowesha kidogo karatasi iliyokwisha kupakwa gundi na shabu, hupaka kibao rangi yenye maji na uji kidogo wa wali, hulaza karatasi akiifuata kento, kisha huisugua mgongoni kwa bareni, kisahani bapa kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Karatasi ikiwa kavu mno, rangi hushika madoadoa. Ikiwa chepechepe, rangi huvuja nje ya mistari. Ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na rangi ya kibao kinachofuata haikutani tena na mstari wake, hata kento ikiwa imechongwa barabara.

Kwa hiyo: mchoraji, mchongaji, mpigachapa. "Mpigachapa" si neno la kubuni. Tanzania ina Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Ukipenda kitenzi kifupi "kuchapa", angalia mazingira yake. "Picha ilichapwa mara ya pili" haina utata, lakini "Hokusai alichapwa na mchapishaji wake" itamfanya msomaji amhurumie mzee wa watu. Katika sentensi zenye mtu, "kupiga chapa" ni salama zaidi.

Sasa jina la picha. "Michoro ya mbao" siipendi, maana msomaji wa Lamu au Unguja ataona mlango wa nakshi. Kiunganishi "-a" hakielezi kama mbao ndiyo iliyotengenezewa kitu au ndiyo iliyotumika kukitengeneza. Sema "picha za chapa ya mbao", au kwa mkato "chapa za mbao" ukishaeleza mara moja. Kifaa kiite "kibao cha kuchapia", kwa kauli ya kutendea, wala si "kibao cha kuchapwa".

Kuhusu asili na nakala, nakala si neno baya. Tunasema kitabu kimetolewa nakala 1,000 na hakuna anayedhani ni bandia. Tatizo ni kwamba "nakala ya Wimbi Kubwa", picha maarufu katika mfululizo huo wa Hokusai, humfikisha msomaji wa leo kwenye mashine ya fotokopi. Mchoro wa kwanza haupo tena, hivyo kila karatasi iliyopigwa kwa vibao vile ndiyo kazi yenyewe. Iite "chapa", kisha utofautishe: chapa ya awali, chapa ya baadaye, na chapa ya vibao vilivyochongwa upya. Tofauti hizo huonekana kwa macho. Katika Wimbi Kubwa, tazama kisanduku chenye jina la picha, juu kushoto. Katika chapa za awali mistari yake ni mizima. Katika za baadaye imekatika, kwa sababu kibao kilikwisha kulika.

Nikuongezee neno moja ambalo hukuliuliza, maana utalihitaji kwenye maelezo ya Hiroshige, mchoraji mwingine wa mandhari wa Kijapani. Anga au maji yanayokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili huitwa bokashi. Mpigachapa hulowesha sehemu ya kibao, hupaka rangi ukingoni na kuiburura kwa brashi, upya kwa kila karatasi, ndiyo maana chapa mbili za kibao kimoja hazifanani kabisa. Usiseme rangi "imepauka". Kupauka ni kuharibiwa na jua au miaka, na bokashi ni ufundi.

Hesabu nayo irekebishe. Mfululizo wa Hokusai, ulioanza kutolewa mwaka 1831 hivi, unaitwa Mandhari 36 za Mlima Fuji, lakini uliongezwa picha 10 na kufikia 46. Vituo 53 vya Tokaido vya Hiroshige, vya 1833 hadi 1834, vina picha 55, kwa kuwa mwanzo na mwisho wa njia hiyo ya Tokaido, Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto, navyo vilichorwa.

Sentensi yako basi iwe: "Hokusai alichora Mandhari 36 za Mlima Fuji, mfululizo wa picha 46 za chapa ya mbao uliotolewa na mchapishaji Nishimuraya Yohachi."