Maswali Yenu: Padi Inayohama Goti

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu miguu: mtu akiwa juu ya pikipiki, avae nini kuanzia kiunoni kwenda chini. Tumechagua tano.

Mimi ni mwendesha bodaboda wa Kondele, Kisumu. Huvaa jinzi nzito ya mtumba na wenzangu wanasema inatosha. Wengine wananihimiza nitafute suruali ya pikipiki yenyewe. Kwani jinzi si nguo ngumu? Na nikiikuta hiyo nyingine kule soko la Kibuye, nitaitambuaje?

Jinzi ni ngumu kwa kazi iliyoshonewa. Kwa kuburuzwa juu ya lami, hapana. Ukianguka, lami hugeuka msasa, na uzito wa mwili unaigandamiza nguo pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: ubavuni mwa nyonga, makalioni na gotini. Pamba hapo hutoboka ukiwa bado unateleza. Jinzi za kunyumbuka ndizo mbovu kuliko zote kwa kazi hii, kwa kuwa ni nyepesi na zimekaza mwilini. Suruali ya michezo, ile ya nailoni au poliesta, ina balaa lake: joto la msuguano huiyeyusha ikagandia kwenye kidonda.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoachia mwanzo ni mshono. Kwa hiyo pale Kibuye usianze na rangi wala zipu. Igeuze suruali ndani nje. Shika kitambaa pande mbili za mshono wa nje wa paja, uvute kwa nguvu. Ukiona nyuzi zinachungulia kama vidato vya ngazi na mwanga unapita katikati, irudishe kwenye rundo. Mshono wa kutegemewa una mistari miwili au mitatu ya uzi, na angalau mmoja umejificha ndani ambako lami haiwezi kuufikia.

Kisha tafuta lebo yenye mchoro wa mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 17092. Hicho ni kiwango cha Ulaya kilichotoka mwaka 2020, nacho hufuatwa na herufi. AAA, AA na A hupimwa kwa mashine inayozungusha kipande cha nguo kisha kukiachia juu ya bamba la zege hadi kisimame. Mzunguko wa A unakaribia mwendo wa kilomita 45 kwa saa, AA 70, na AAA 120. B inastahimili msuguano kama A ila haina padi, yaani vile vipande vya kupunguza pigo gotini na nyonga. C inashikilia padi tu, hivyo lazima ivaliwe pamoja na nguo nyingine ya kinga. Suruali iliyoshonwa kabla ya 2020 haitakuwa na lebo hiyo na bado inaweza kuwa nzuri. Hapo ndipo mshono na bitana vitakusemea.

Kuna ujanja mmoja wa kuchunga. Muuzaji anachomoa padi ya goti, anakuonyesha alama ya CE, ile ya kukidhi masharti ya Ulaya, iliyogandamizwa juu yake, anasema, "Unaona? Imepimwa." Alama hiyo ni ya padi peke yake. Suruali iliyoibeba yaweza kuwa jinzi ya kawaida iliyoshonewa mfuko ndani.

Ukikuta bitana ya manjano yenye kukwaruza kidogo mkononi, huenda ni Kevlar au aramidi nyingine, yaani nyuzi ngumu za viwandani zinazostahimili msuguano. Ipapase uone imeanzia wapi na kuishia wapi. Nyingi zina kiraka cha ukubwa wa kiganja gotini halafu makalio yako wazi. Inayofaa hufunika nyonga na makalio yote na kushuka hadi chini ya goti. Ukishainunua, usiifue kwa dawa ya kung'arisha yenye klorini, maana inakula aramidi. Jua pia huidhoofisha, na hapa ndipo tunapoiharibu kwa mazoea: jinzi huanikwa ndani nje ili isipauke, basi ile manjano ndiyo inayokaushwa na jua la Kisumu mchana kutwa. Hii ianike kivulini.

Kwa kazi yako ya mjini, pamoja na safari za Ahero au Maseno, tungechukua AA. AAA nyingi ni ngozi au vitambaa vizito. Kwa joto la Kisumu utakuwa umeivua kabla ya saa saba, na suruali iliyotundikwa steji haimkingi mtu.

Nilinunua suruali yenye padi za magoti. Dukani nilisimama, nikaona zimekaa barabara juu ya goti. Nikiendesha zinapanda pajani, na nikifika nyumbani nakuta zimezungukia ubavuni. Je, nimeuziwa takataka? (Bungoma)

Si lazima iwe takataka. Ulijipima ukiwa umesimama, na hakuna anayeendesha amesimama. Goti likikunjwa, suruali huvutwa juu kwa sentimita kadhaa pamoja na padi. Kwa hiyo ukisimama, padi iliyo sahihi huonekana imeshuka kidogo chini ya goti. Ukikaa, inapanda hadi mahali pake. Inatakiwa ifunike kofia nzima ya goti na sehemu ya juu ya muundi, kwa sababu mtu huanguka goti likiwa limekunjwa na hapo ndipo panapogonga.

Kagua kwanza mfuko wa padi kwa ndani. Mingi ina velkro yenye nafasi mbili au tatu za kupandisha na kushusha, na wauzaji wengi hawaisemi. Ikiwa haina, nenda kwa fundi cherehani na pikipiki yako, siyo na suruali peke yake. Vaa, kaa kwenye kiti, weka miguu kwenye vikanyagio na mikono kwenye usukani. Fundi apapase kofia ya goti na kutia alama ya chaki kwa nje. Vua, pima toka alama hiyo hadi katikati ya padi. Umbali huo ndio wa kuushusha mfuko.

Mwambie ashone mfuko kwenye bitana, siyo kwenye kitambaa cha nje, ili asitoboe ukuta unaokukinga. Ikiwa bitana hakuna, atumie uzi mnene wa poliesta, sindano namba 18, na hatua za sindano za milimita 3 hivi. Fundi mwenye bidii hupenda hatua fupifupi akidhani zinashika zaidi, kumbe matundu yakisongamana kitambaa huchanika kama stempu.

Hilo linamaliza kupanda. Kuzunguka kunatokana na mguu wa suruali kuwa mpana. Ukiwa umekaa, shika padi juu ya nguo ujaribu kuisukuma ubavuni. Ikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, siku ya kuanguka haitakuwapo. Punguza upana kuanzia juu kidogo ya goti hadi katikati ya shavu la mguu, au shonea ndani mkanda wa lastiki wa upana wa sentimita 4 chini kidogo ya padi. Usikaze hadi mguu ufe ganzi.

Ichunguze na padi yenyewe. Kiwango chake ni EN 1621-1, na utaona herufi K kwa goti au H kwa nyonga pamoja na namba 1 au 2. Padi zote hupigwa pigo lile lile, kisha hupimwa nguvu inayopenya hadi upande wa pili: wastani usizidi kilonyutoni 35 kwa daraja la 1, na 20 kwa daraja la 2. Tofauti hiyo si ndogo kwa kofia ya goti, chukua la 2 ukilipata. Alama T+ inaonyesha kwamba imepimwa pia katika joto la nyuzi 40, jambo lenye maana kwa pikipiki inayoshinda juani.

Sponji ya godoro ambayo wengine hujaza mfukoni haisaidii. Ibane kwa kidole gumba na cha shahada: vidole vikikaribia kukutana, lami itafika vilevile. Padi za mafundi wa sakafu zimeundwa kwa kupiga magoti, hazikupimwa kwa pigo. Vibao vya muundi vya wachezaji mpira havifiki gotini kabisa. Padi iliyokwisha kupigwa sawasawa katika ajali, au iliyopasuka, itupwe.

Tena kagua mifuko ya nyonga. Mara nyingi ipo lakini mitupu, kwa kuwa padi zake huuzwa kando, na nyonga ni ya kwanza kufika chini ukianguka ubavu.

Askari anaweza kunishika kwa kutovaa suruali ya kinga? (Webuye)

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinadai helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga, kwako na kwa abiria, na abiria awe mmoja tu. Suruali haikutajwa. Hiyo ni juu ya ngozi yako.

Mimi ni mwalimu, Kakamega. Kila siku naenda shuleni kwa bodaboda nikiwa na sketi. Nimeungua mguu wa kulia mara mbili. Nivae nini bila kuonekana kituko mbele ya wanafunzi?

Pole, mwalimu. Mguu wa kulia ndio unaoungua kwa sababu ekzosi ya pikipiki nyingi za bodaboda imepita upande huo, na wengi hushukia huko huko bila kufikiri. Panda na ushuke upande wa kushoto kila mara. Kabla ya kupanda, tazama kama ekzosi ina kile kibati cha kuzuia joto kilichofungwa kwa skrubu mbili au tatu. Skrubu hulegea kwa mtetemo wa barabara za changarawe, kibati kikaanza kupiga kelele, na mwenye pikipiki akakitoa ili apate utulivu. Kama hakipo, subiri nyingine.

Chini ya sketi vaa suruali ya pamba nzito au jinzi yenye mguu mpana inayofika kwenye kifundo, uivue ukifika. Taitsi za nailoni usizitegemee, zikigusa ekzosi zinaganda kwenye ngozi. Panda kwa kutanua miguu. Ukikaa upande huna pa kubana wala kikanyagio cha mguu wa pili, na breki ya ghafla inakutoa kama mzigo. Sketi ikusanye mbele na uikalie. Leso ndefu iliyoning'inia ni hatari kuliko sketi, kwa sababu gurudumu la nyuma na mnyororo huinyakua mara moja. Ifunge kiunoni kwa fundo, ncha zikiwa ndani.

Ukiungua tena, mguu uwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, siyo barafu. Dawa ya meno, mafuta na yai huziba joto ndani na kukaribisha uchafu. Nguo ikiwa imegandia kidonda, usiivute. Kata pembeni yake. Kidonda kikubwa kuliko kiganja chako, au chenye ngozi nyeupe, kipelekwe hospitali, na malengelenge usiyapasue.

Nasafirisha vipuri kutoka Nakuru hadi Eldoret. Timboroa hunikuta na mvua na baridi, magoti yanaganda hadi sijui nimekanyaga breki au la. Nimeshauriwa gambuti na suruali ya mvua. Ni sawa?

Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hiyo baridi si ya kufikirika. Suruali ya mvua ni sawa, mradi iwe juu ya ile ya kinga na ipite kipimo chako kwa saizi moja, la sivyo ukikunja goti inapasuka msambani. Ndani vaa suruali nyembamba ya sufu. Jinzi ikilowa inakaa baridi hadi Burnt Forest. Ivae ya mvua ukiwa bado mkavu, yaani usimame pale mawingu yanapoonekana mbele, maana kuivuta juu ya nguo iliyolowa ni kufungia maji ndani. Ni plastiki, kwa hiyo mguu wa kulia ubane kwa mkanda wa velkro juu ya kifundo usipepee hadi kwenye ekzosi.

Gambuti inazuia maji, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Ukianguka inachomoka mguuni, haikishiki kifundo, na mpira wake huyeyuka ukiegemea ekzosi. Chukua buti la ngozi linalopita kifundo kwa sentimita 5 au zaidi, soli ngumu isiyopinda ukilikunja kwa mikono miwili kama chapati, na kisigino cha kushika kikanyagio. Kiwango cha viatu vya pikipiki ni EN 13634. Buti la mtumba la kijeshi lililo zima ni mbadala mzuri. Ncha za kamba zichomeke ndani, kwa sababu zikinasa kwenye gia utashindwa kuweka mguu chini unaposimama. Mguu wa suruali ya mvua upite nje ya buti. Ukiuchomeka ndani, maji yote ya mapajani yanaingia kwenye soksi.