Maswali yenu: Nani alicheza mpira wa gongo Hawaii kabla ya Cartwright?

Nimesikia Alexander Cartwright ndiye aliyepeleka beisiboli Hawaii. Ni kweli?

Cartwright alitoka klabu ya beisiboli ya Knickerbocker ya New York, iliyoandika kanuni zake za mchezo mwaka 1845. Alifika Honolulu mwaka 1849, akawa mkuu wa kikosi cha zimamoto, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1892. Hayo hayana ubishi. Ila Desemba 1840, miaka karibu tisa kabla hajatia mguu pale, gazeti la The Polynesian la Honolulu lilieleza jinsi vijana wenyeji, wa kike kwa wa kiume, walivyokuwa wakicheza mpira wa gongo kwa ari kubwa. Mwandishi aliutambua mara moja: ni ule ule aliokuwa akiucheza utotoni kwao Marekani. Inaniuma kila ninapoona historia ya mchezo huu visiwani inaanza na bwana mmoja, na wasichana wale wa mwaka 1840 hawatajwi kabisa.

Aipuni ni mchezo gani?

Ni jina la Kihawaii la mpira wa kupiga kwa gongo kisha kukimbia kuzunguka vituo, jamaa ya raundasi ya Waingereza. Neno *puni* lina maana ya kuzunguka, na kwangu jina hilo ni ushahidi mzuri: watu hawaupi mchezo jina la lugha yao kama hawauchezi. Ulichezwa hata Punahou, shule iliyoanzishwa mwaka 1841 kwa ajili ya watoto wa wamisionari, kabla beisiboli haijashika.

Na kabla ya wamisionari kufika mwaka 1820?

Kulikuwa na *ulu maika*: jiwe bapa la mviringo linabingirishwa lipite katikati ya vijiti viwili. Ulipendwa hasa msimu wa Makahiki, sherehe za mwaka mpya za Wahawaii, vita vilipokuwa vikisimama na watu kushindana kwa michezo.

Ni kweli timu za Marekani zilifika Honolulu zikaondoka bila kucheza?

Kweli. Msafara wa Albert Spalding, mfanyabiashara Mmarekani wa vifaa vya michezo aliyezipeleka timu hizo za beisiboli ng'ambo, ulichelewa baharini, ukatia nanga Jumapili, Novemba 25, 1888. Sheria ilikataza mechi siku hiyo. Wenyeji walioungoja tangu jana yake hawakuona hata mpira mmoja ukipigwa. Mfalme Kalākaua aliwafanyia wachezaji karamu, na usiku ule ule wakarudi melini kuendelea na safari.