Kwa Vijana Wanaoanza Zamu: Mtambo Wako Hauko Peke Yake

Kila kundi jipya likiingia chumba cha udhibiti cha kituo cha kuzalisha umeme, naliona kosa lile lile. Kijana anakariri boila aliyopangiwa, tabaini yake na jenereta yake, na presha ya kila bomba anaijua kwa kichwa, lakini ukimuuliza umeme wake unaingia gridi kupitia wapi, anamtazama mwenzake. Bidii yenu naipenda sana, ila kwa hili mnanichosha.

1. Kijueni kituo cha kupoza umeme, yaani pale penye swichi zinazounganisha mtambo na gridi, kabla hamjabobea kwenye boila. Chukueni Bełchatów, huko Poland, kituo kikubwa kuliko vyote vya makaa ya mawe ya kahawia barani Ulaya. Mitambo yake 12 ya mwanzo ilijengwa miaka ya 1980, wa kwanza wao ukastaafishwa mwaka 2019, na ule mkubwa, namba 14 wenye megawati 858, ulianza kazi mwaka 2011. Mwenye mitambo mingi kiasi hicho hudhani kwamba mmoja ukilala, mingine itambeba. Alasiri ya tarehe 17 Mei 2021 hakuna boila iliyopasuka wala tabaini iliyovunjika. Kosa la binadamu lilitokea wakati wa kubadili swichi katika kituo cha kupoza umeme cha Rogowiec, ambako mitambo ile ya zamani inapeleka umeme wake; vifaa vya kinga, vinavyokata umeme palipo na hitilafu, vikafanya kazi yake, na mitambo 10 ikatoka kwenye gridi kwa mpigo mmoja. Zaidi ya megawati 3,000 zikapotea, na frikwensi ya gridi ya bara la Ulaya ikashuka hadi hezi 49.84 badala ya 50 za kawaida. Namba 14 uliendelea kuzunguka kwa sababu umeungwa kwenye kituo kingine.

Sasa jiwekeni kwenye kiti cha msimamizi wa zamu ambaye mtambo wake ulikuwa mzima. Mvuke upo, moto upo, lakini umeme hauna pa kwenda. Vali za tabaini zinajifunga, moto inabidi ukatwe, mvuke unatafuta njia ya kutokea, na pampu ya mafuta ya beringi haina ruhusa ya kusimama hata kidogo. Shafti ikishapungua kasi lazima iendelee kuzungushwa taratibu, la sivyo itapinda ikiwa bado ya moto. Fundi aliyepokea kibali cha kugusa swichi anabeba mambo haya yote mkononi mwake. Ndiyo maana nakasirika ninapoona kijana anasaini kibali bila kwenda kuisoma namba iliyoandikwa kwenye swichi yenyewe. Nendeni mkaione kwa macho, mwenzako aisome kwa sauti, halafu ndipo mkono uinuke.

2. Mkanda wa makaa ni wa kila mtu. Siku tano baada ya tukio lile, tarehe 22 Mei, moto uliwaka kwenye mkanda wa kupeleka makaa hapo hapo Bełchatów. Vumbi la makaa ya kahawia likikauka na kurundikana linaweza kujiwasha lenyewe. Kijana mmoja niliyemfundisha alisikia harufu ya kuungua karibu na rola, akapita, akasema mkanda ni wa idara ya makaa. Nilimrudisha pale pale, tukalikuta rundo la vumbi lenye joto chini ya rola iliyokwama.

3. Karibu nusu ya uzito wa makaa haya inaweza kuwa maji, kwa hiyo moto ukilegea, pigeni simu kwa watu wa makaa kabla hamjagusa kasi ya kinu cha kusaga makaa.

4. Msizime king'ora kabla ya kusoma kilicholia kwanza.

Mkija zamu ya Jumatatu, kila mmoja alete mchoro wa kituo kizima, kuanzia mkanda hadi laini za kutokea, aliouchora kwa mkono wake. Nitauliza swali moja tu kwa kila swichi mliyoichora: ikifunguka hii, nani mwingine anazimika?