Kwa msimamizi mpya wa dirisha la mapokezi

Mdogo wangu uliyekabidhiwa mapokezi ya hospitali, hongera. Nimesimamia dirisha kama hilo miaka tisa, na kuna jambo nililichelewa kulijua: mhudumu anapokuwa mkali, tafuta kwanza kinachomchosha.

Nilikuwa na dada mmoja wa zamu ya asubuhi. Alipoanza, wagonjwa walimsifu. Baada ya miezi kadhaa akawa anajibu bila kuinua macho: "Mtandao hakuna, subiri." Mama amesimama na kitambulisho cha bima mkononi, mtoto anachemka homa mgongoni, hapewi hata pole. Nikamwandikia barua ya onyo. Haikusaidia chochote.

Siku moja nikaketi naye dirishani. Tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana hakuinuka, maana hakuwa na wa kumpokea. Posho ya zamu alikuwa anadai miezi mitatu. Na kila mtandao ulipokatika, yeye ndiye aliyetukanwa, ilhali hakuwa na ruhusa ya kumpitisha mgonjwa hata mmoja kwa daktari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apumzike walau dakika 60. Kumbe nilimpa onyo mtu niliyekuwa namnyima haki yake.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Waliona kwamba malipo na usimamizi mbaya humchukiza mfanyakazi, lakini kinachompa ari ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kuaminiwa. Nakubali, ila kwa watu wa mshahara mdogo mimi naitanguliza posho. Aliyekopa nauli ya kuja kazini humchangamshi kwa cheti.

Tulilipa madeni, tukapanga wa kupokezana. Ila kilichombadilisha hasa yule dada ni daftari. Tulimruhusu, mtandao ukikatika zaidi ya robo saa, aandike jina na namba ya bima, mgonjwa aende kwa daktari, mengine yafuate. Wiki ileile nilimwona ametoka nje ya dirisha, amemshika mzee mkono, anampeleka maabara. Hakuna aliyemtuma.

Mei Mosi ikikaribia utaambiwa upeleke jina la mfanyakazi hodari. Usilitoe kwa zamu, wala kwa kujuana. Walioko dirishani wanajua nani hubaki foleni ikiwa ndefu, waulize. Ukimpa zawadi asiyestahili, utaona wengine wakianza kuondoka dakika ileile zamu inapoisha.

Na madai ya posho usiyaache mezani. Yapeleke uhasibu mwenyewe kila mwezi, kisha rudi uwaambie yamefikia wapi, hata kama jibu ni "bado".