Geuza Kwanza Uone Ndani

Muulize Fundi: safu ya maswali na majibu ya wasomaji, kutoka Ngamiani, Tanga

Tangu niandike humu kwamba koti langu la harusi lilitoka mtumbani, barua zinazonifikia ni za mitumba na vitu vya zamani tu. Wenye maswali ya sare na vitenge wanisubiri toleo lijalo.

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Mbeya. Sokoni Mwanjelwa nimenunua koti zito la sufu, rangi ya udongo lenye nyuzi za kijani, na ndani lina lebo yenye picha ya dunia na msalaba juu yake. Bibi anasema nimevaa kafa ulaya. Rafiki zangu wanasema ni koti la wazee. Mimi nalipenda, ila sina maneno ya kulitetea. Nitajuaje kama kweli ni zuri, na ni la lini?

Marahaba mjukuu wangu. Mwambie bibi kwamba mwenyewe huenda yu hai, anakula pensheni yake, na amenenepa tu.

Hiyo dunia na msalaba ni nembo ya Harris Tweed. Ni kitambaa cha sufu kinachofumwa katika visiwa vya Outer Hebrides, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Nembo ilisajiliwa mwaka 1910, na tangu 1993 ina sheria yake ya Bunge la Uingereza: kitambaa lazima kifumwe na mkazi wa visiwa hivyo, nyumbani kwake. Mitambo yao huendeshwa kwa miguu, bila umeme. Mimi niliyekula ujana wangu juu ya pedali ya cherehani, nikilishika koti la namna hiyo huwa nampa salamu mfumaji kimoyomoyo.

Lakini usiridhike haraka. Lebo hiyo inakuhakikishia kitambaa, haikuhakikishii fundi. Kitambaa kizuri huangukia mikononi mwa mshonaji yeyote mwenye pesa ya kukinunua, mzuri na mbovu. Kwa hiyo geuza ndani.

Shika kifua cha koti chini ya tundu la kifungo cha chini, kwa vidole viwili, vuta kitambaa cha nje upande mmoja na cha ndani upande mwingine. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, hapo kuna kanvasi iliyoshikizwa kwa uzi. Huyo fundi alitumia muda. Ukihisi kitu kimoja kigumu kilichogandana, wamebandika kwa gundi na pasi. La gundi si kosa, mengi ya siku hizi ni hivyo, ila likifuliwa vibaya hutoa malengelenge kifuani na hakuna dawa. Kisha tazama matundu ya vifungo. La mkono lina uzi mnene na fundo dogo moja moja kwenye ukingo. La mashine limelala bapa. Tazama na akiba ya kitambaa iliyoachwa kwenye mshono wa mgongo na wa mikono. Fundi aliyeacha akiba ya vidole viwili alijua koti litaishi zaidi ya mwili wa mwenyewe wa kwanza. Aliyekata mpaka kwenye ovaloki hakuwa na mawazo hayo.

Ukitaka kuhakikisha sufu, chomoa uzi mmoja kwenye hiyo akiba uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kidoleni. Plastiki huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Fanya hivyo nje, usimpe bibi sababu nyingine.

Kuhusu umri, lebo ndogo ndizo zinazosema kweli kuliko lebo kubwa. Marekani ilianza kulazimisha lebo za maelekezo ya kufua mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya kule iliyo na lebo zake zote lakini haina maelekezo hayo, inawezekana kabisa ni ya kabla ya hapo. Ikiandikwa “Made in West Germany” basi ni ya kabla ya Oktoba 1990, maana nchi yenyewe iliungana mwaka huo. “Made in Czechoslovakia” mwisho wake ni 1992. Gauni la Kimarekani lenye kibandiko cha ILGWU, chama cha washonaji wa nguo za kike, halivuki 1995, mwaka chama hicho kilipoungana na kingine. Suruali za Levi's zenye kile kitepe chekundu mfukoni ziliandikwa LEVI'S kwa herufi kubwa tupu mpaka 1971, kisha E ikawa ndogo. Angalia tu: kampuni yenyewe hutoa matoleo mapya ya mitindo ya zamani na kurudisha ile E kubwa, kwa hiyo E peke yake haitoshi.

Sasa nikwambie jambo ambalo wauzaji hawapendi niseme. Belo halifunguliwi kwa mara ya kwanza Mwanjelwa. Nguo zimeshachambuliwa huko Ulaya, Amerika na Ghuba na watu wanaolipwa kuchambua, na kitu cha zamani chenye jina kubwa hutolewa pembeni kiuzwe kulekule kwa bei yake. Zikifika kwetu, majina mengi yameshaliwa. Kisichochambuliwa ni kazi: koti lisilo na jina ambalo mshonaji asiyejulikana wa mji mdogo alilishona kwa mkono, gauni la nyumbani lililoshonwa na mama wa mtu, sweta la kufumwa lenye kiwiko kilichotiwa kiraka kwa uangalifu. Hivyo ndivyo vitu ninavyovikusanya mimi. Sikipendi kitu kwa kuwa ni cha kale. Takataka nazo huzeeka. Nakipenda nikikuta ndani yake mtu alijali mahali ambapo hakuna atakayeona.

Koti lako limepona mchujo likiwa na nembo yake. Una bahati. Livae na suruali ya kawaida, wala usitafute kofia ya kufanana nalo.

Assalamu alaykum Fundi. Mimi nimezaliwa Unguja, sasa naishi Muscat. Katika soko la Mutrah nimeona kasha la njumu, lile la misumari ya shaba, kubwa, lina droo tatu chini. Muuzaji anasema ni la Zanzibar na lina miaka mia mbili. Roho yangu imelipenda. Ninunue?

Waalaykum salaam dada yangu. Roho yako iache ipende, mfuko uambie usubiri.

Kwanza hilo la “kasha la Zanzibar”. Mengi ya makasha tunayoyaita hivyo yalitengenezwa India, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, yakaja kwetu na majahazi wakati wa kaskazi. Mengine yalikwenda Omani moja kwa moja. Mafundi wa Unguja nao walitengeneza, na zaidi walikarabati. Kwa hiyo mtu akikutajia Zanzibar anakutajia bei, hajakutajia asili. Hata hivyo lisikuudhi: kasha la Kihindi lililokaa miaka mingi chumbani kwa bibi yako Malindi au Mkunazini, hukohuko Unguja, ni la kwenu kwa haki kabisa.

Pili, mwambie muuzaji alisogeze kutoka ukutani. Akikataa, mpe salamu uondoke. Mgongo na tumbo la kasha havikupambwa kwa mgeni, kwa hiyo ndipo penye habari. Mbao za nyuma za kasha kongwe huwa na alama za randa ya mkono, mabonde madogo unayoyahisi kwa kiganja kuliko kwa jicho. Mbao laini kama kioo pande zote, hata chini, zimepitia mashine. Ukiona skrubu zenye kichwa cha msalaba, jua skrubu hizo zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930. Moja au mbili zinaweza kuwa za matengenezo. Zikiwa zote hivyo, hiyo miaka mia mbili ina kasoro.

Kisha angalia uchakavu umekaa wapi. Kasha hushikwa kwenye vishikio, hufunguliwa kwa ukingo wa mbele wa kifuniko, huburutwa kwa miguu yake. Hapo ndipo pawe pamelika. Likiwa limechakaa kwa usawa kila mahali, uchakavu huo ni wa msasa. Vuta droo na unuse ndani. Kasha la zamani lina harufu ya karafuu, udi, nguo, mende, chochote, lakini halinuki rangi ya viatu. Vichwa vya njumu za mkono havilingani sawasawa. Za kiwandani zinafanana zote, na mistari yake haiyumbi hata kidogo.

Upande mmoja ndani mara nyingi kuna kijisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na chini yake kijidroo cha siri. Mwombe muuzaji akuonyeshe. Kama hajui kipo, hajakaa na kasha hilo kwa muda mrefu.

Vyote vikienda sawa, lipa bei ya kasha zuri, usilipe bei ya hadithi. Na ukilifikisha nyumbani usilisugue shaba kwa ndimu na majivu. Ile rangi ya kahawia ilichukua miaka, utaiondoa kwa asubuhi moja.

Fundi, marehemu baba ametuachia kiti cha enzi cha mpingo hapa Mombasa, kina vipande vyeupe vilivyopachikwa. Ndugu yangu London anataka nimtumie. Ni mfupa au pembe ya ndovu?

Poleni kwa msiba. Chukua lenzi. Mfupa una vitundu na vistari vidogo vyeusi, njia za damu ya mnyama alipokuwa hai. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo; mahali ilipokatwa kwa mkato utaona mistari inayopishana kama wavu. Usijaribu kwa sindano ya moto, utaharibu chochote kile.

Kikiwa cha mfupa, tatizo ni nauli tu. Kikiwa cha pembe, usikipeleke popote bila vibali vya mkataba wa CITES, ambao ulizuia biashara ya pembe za ndovu kimataifa tangu 1990. Na Uingereza, tangu Juni 2022, kuuza kitu cha pembe ni marufuku isipokuwa kwa misamaha michache. Ndugu yako aje akikalie Mombasa.

Shikamoo. Nina kanga za marehemu mama, doti nzima na nyingine vipande. Baadhi zimeandikwa “K.H.E. Mali ya Abdulla”, moja ina maandishi ya Kiarabu. Nizihifadhi vipi? Nimeziweka kwenye mfuko wa nailoni na karafuu. Korogwe.

Marahaba mwanangu. Zitoe leo. Nailoni hufungia unyevu, na joto lenu la Korogwe litafanya mengine. Karafuu zina mafuta yanayoacha doa; zifunge kwenye kitambaa na uziweke pembeni, zisiguse kanga. Zikunje legelege ndani ya shuka la pamba lililofuliwa, na kila miezi kadhaa ubadilishe mikunjo, maana kanga hukatikia kwenye kunjo.

Doti nzima usiikate hata ukililiwa na shangazi. Alama ya Mali ya Abdulla ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, lililoanza 1887 na bado linauza kanga, kwa hiyo alama peke yake haikupi umri. Ile ya maandishi ya Kiarabu inaelekea ni kongwe kuliko wenzake, kwani majina ya kanga yaliandikwa hivyo kabla ya herufi za Kirumi kutawala. Hiyo usiifue. Ianike kivulini, basi.

Fundi, mume wangu anakusanya redio mbovu, mashine za kuandikia na sasa kaleta cherehani ya Singer ya tatu. Korido haipitiki. Nisaidie. Mama watoto, Morogoro.

Mama watoto, umeniandikia mimi mwenye ugonjwa huohuo. Nitajitahidi kutenda haki.

Mwambie asome nambari iliyogongwa kwenye kitako cha kila Singer. Ikianza na herufi mbili na ya kwanza ni E, ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980, na kiwandani hapo herufi mbili zilianza kutumika miaka ya 1930. Hizo bado zinashona turubai bila kulalamika. Abakishe moja inayozunguka vizuri, mbili awape wasichana wanaojifunza ushonaji. Redio akae na zile zinazopiga, au anazoweza kuzitengeneza kabla ya Ramadhani. Tarehe aiandike ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Mashine ya kuandikia ni moja, na iwe na utepe.

Zilizobaki ziende kwa wanaonunua vyuma chakavu siku ambayo yeye yuko kazini, lakini umwambie kabla. Na hilo jokofu bovu ulilolitaja mwishoni mwa barua yako, ambalo wewe unahifadhia sufuria, nalo lipande mkokoteni huohuo.