Kabla ya kununua projekta, ziba jua

Mtu akitaka kuandaa maonyesho ya video yanayozunguka kuta za chumba, swali lake la kwanza kwangu huwa ni anunue projekta gani. Nami humuuliza: hicho chumba umeshakiingia saa kumi jioni?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Tulipewa ukumbi katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe hapa mjini Dar, kuta nene, madirisha ya mbao yameelekea magharibi. Nilipima asubuhi, pamepoa, giza la kutosha. Siku ya ufunguzi, kila mgeni aliyesukuma mlango aliingia na jua lake. Bahari aliyoihangaikia msanii ikageuka maji ya kufulia.

Dawa ilikuwa ndogo: njia ya kuingilia yenye kona mbili, ya plaiwudi, imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Mwanga haukati kona mbili, kwa hiyo hata mlango hauhitajiki. Upana uwe mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kigeuke bila kukwaruza. Na kizingiti kisiwepo, maana mtu aliyetoka juani huwa kipofu kwa dakika kadhaa.

Sasa projekta. Kila moja ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Ikiwa ni 1.5, picha ya mita 4 inataka mita 6 kutoka lenzi hadi ukutani. Sisi tulikuwa na mita 5, na vichwa vya watu vikawa sehemu ya filamu. Tukabadilisha, tukachukua ya 0.5, inayokaa mita 2 tu, tukaining'iniza juu. Usidanganyike pia na kukuza picha: upana ukiongezeka mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne.

Kuta zisizo na picha usiziache na chokaa nyeupe, zinarudisha mwanga palepale ulipoufukuza. Kijivu kizito, na dari pia.

Sauti ndiyo watu huisahau. Mawe na saruji vilifanya simulizi ya bibi mmoja isikike kama anaongea ndani ya pipa. Mikeka tuliyotandika haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni mapazia mazito, yaliyoachwa sentimita 10 hivi kutoka ukutani.

Umeme tunaujua wenyewe. Projekta ya taa ikizimika ghafla feni nayo husimama, taa ikajipika, kwa hiyo iwekee betri ya akiba.

Siku ya majaribio ya pili tulikaa kimya gizani hadi saa kumi ikafika. Ukatokea mwale mmoja, mwembamba kama uzi, kwenye tundu la bomba la nyaya. "Injinia, nimeuona," fundi akasema (mimi ni msanifu, nimechoka kumrekebisha). Akavua kofia yake, akaikunja, akaishindilia tunduni.