Kupiga picha Mji Mkongwe wa Bagamoyo usiku kwa chemli: yaliyonikuta, na wewe usije ukaliwa kama mimi

Sitaanza na ile hadithi kwamba jina la mji limetokana na bwaga moyo, kila anayeandika kuhusu Bagamoyo anaanza nayo na mi nshaichoka. Nianze na hela yangu.

Mara ya kwanza nilienda na kikundi nilichokiona mtandaoni, tangazo tamu kweli, picha ya kichochoro kimejaa chemli huku na huku, nikatuma hela fasta hata sikuuliza swali. Kufika tuko 16. Kumi na sita jamani, kwenye vichochoro ambavyo mkikutana wawili mmoja lazima apishe. Taa zilikuwa mbili na moja kioo kimepasuka. Tukaanza kutembea saa mbili na nusu usiku, anga jeusi tii, kila ukisimamisha tripodi mwenzio anakatiza mbele, afu kulikuwa na kaka mmoja flashi yake haizimiki, yaani kila dakika pwaa, pwaa, na yule aliyetuongoza kazi yake ilikuwa kutuhesabu tusipotee. Nikarudi Dar na picha 200 na kitu. Nzuri ilikuwa moja, nayo ya mgongo wa mtu.

Mara ya pili nikajipanga. Nikapanda gari stendi ya Makumbusho, Dar, asubuhi, si mbali, kilomita 70 na kitu tu, kufika nikaulizia mwongozaji mwenyeji wa pale pale mji mkongwe. Tulikuwa watatu, mimi na jamaa zangu wawili. Tukampata kaka mmoja mzaliwa wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, na cha kwanza alichoniuliza ni unataka kupiga nini. Nikamwambia milango. Akasema basi twende tukaiangalie mchana huu, kamera acheni kwenye begi. Tulizunguka kama saa moja na nusu juani, ananionyesha huu una wenyewe na ni watu wazuri, huu nyumba haina mtu, huu mwenyewe mkali usimsogelee, huu mzuri lakini taa ya barabarani ile nyeupe ya LED inaumulika usiku kucha, chemli yako haitafua dafu. Nilikuwa nalalamika moyoni jua linaniunguza, ila ukweli ule mzunguko wa mchana ndo uliotengeneza usiku wangu wote. Mwongozaji akikwambia mchana hana haja ya kukuzungusha, tafuta mwingine.

Na muulize mnaanza saa ngapi. Akisema saa mbili usiku mwambie asante. Huku kwetu jua halina maringo, likisema nazama linazama, Bagamoyo mwaka mzima ni kati ya saa 12 na robo jioni na saa 1 kasoro dakika 10 hivi, na likishazama una kama dakika 20, ukivuta sana 30, ambazo anga linakuwa na ule ubluu wa wino. Hapo ndo mwanga wa anga na mwanga wa chemli unakaribiana, ukuta unaonekana, paa linaonekana, na moto wa taa hauunguzi picha. Zikipita hizo umebaki na doa la manjano katikati ya giza, kama picha zangu za mara ya kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa kuja hawalipigii hesabu, nalo ni Magharibi. Swala inaingia jua likizama, yaani mwanzoni kabisa mwa zile dakika zenu za bluu, na mwongozaji wako akiwa Muislamu, na pale wengi ndo hivo, ataenda kuswali. Usimnunie. Sisi tulikubaliana toka mchana, saa 12 tukawa tumeshasimama mbele ya Boma, tripodi ziko chini, chemli zimewashwa zimewekwa anapotaka, adhana ilipolia akatuambia msihame hapa na wale wanaoelekea msikitini msiwaelekezee kamera, akaenda zake. Karudi tumeshapiga zetu za maana.

Boma piga mapema wakati anga bado lina rangi, usijidanganye utalimulika kwa chemli. Ni jengo kubwa la ghorofa la Mjerumani, la 1897, lina yale meno meno juu kama ngome. Cha kuchekesha ni kwamba walilijenga wakati makao makuu yao walishayahamishia Dar toka 1891, yaani mji ushashushwa cheo ndo wanaujengea jumba. Tulichofanya ni kuweka chemli moja tu chini mbele, tukaliacha jumba lenyewe lichorwe na anga. Droni usibebe kama huna kibali, na jengo lolote lenye ofisi ya serikali inayofanya kazi uliza kabla hujapiga, hilo halina mjadala.

Tukaingia ndani vichochoroni. Hapa ndo niliona kazi ya mwongozaji, maana sisi watu wa mjini tunadhani mji mkongwe ni makumbusho. Kuna watu wanaishi mle, wanapika, watoto wanafanya homuweki barazani. Yeye kila kona anapiga hodi, shikamoo, mama watoto hawajambo, na hawa wageni wangu wanaomba picha ya mlango tu. Mlango wa kwanza tulikuta bibi amekaa barazani na kanga yake begani, tukamwamkia, akatutazama tunavyohangaika na chemli. Mimi nilikuwa nimeupandisha utambi mpaka mwisho nikidhani ndo mwanga utakuwa mwingi. Kioo kikaanza kuingia masizi, juu cheusi, moshi unatoka. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, shusha utambi. Moto mkubwa ni wa kuunguza kioo, si wa kuonea." Akanyanyuka mwenyewe, akaizima, akakichomoa kioo kwa pindo la kanga maana kilikuwa cha moto, akakifuta masizi, akawasha upya na kuushusha utambi mpaka moto ukawa umekaa sawa kama ukucha. Na kweli, mwanga ukatulia, ukuta ukapata rangi ya asali. Kwenye kamera pia ikawa nafuu, kabla ya hapo moto ulikuwa unatoka doa jeupe tupu.

Afu tukajifunza la pili, taa usiiweke mbele ya mlango. Mara ya kwanza niliiweka mbele, pale pale kwenye kizingiti, picha ikatoka bapa kama ya pasipoti. Kaka mwongozaji akaichukua akaibana ubavuni karibu kabisa na fremu, chini kidogo, mwanga ukawa unapita juu ya nakshi kwa mshazari, na hapo kila ua, kila pete ya ule mnyororo uliochongwa pembezoni ikapata kivuli chake ikainuka. Ule mti wa katikati ya mbao mbili, mfaa, mchana ulionekana kama ubao tu wenye vumbi, usiku ule niliona alama za patasi ya fundi kabisa. Sijui ni marehemu wa lini huyo fundi lakini mkono wake nimeuona.

Kwa wanaotaka namba: chemli iko ubavuni, kama mita moja hivi kutoka katikati ya mlango, kamera kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, shata (kile kifuniko kinachoingiza mwanga) iwe wazi sekunde 10 mpaka 15. Ukiona giza usipandishe ISO haraka, ongeza sekunde, mlango hauendi popote. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera, na kama lenzi ina kile kitulizo cha mtikisiko kizime ukiwa kwenye tripodi. Rangi ya mwanga usiiachie kamera iamue, itajitahidi kuifanya chemli iwe nyeupe kama taa ya dukani na utakuwa umepoteza kilichokupeleka, weka mwenyewe karibu na Kelvin 3000, ndo kipimo cha rangi ya mwanga kwenye kamera, ibaki na unjano wake. Fokasi ya kujiendesha gizani inahangaika, mwambie mtu amulike mlango na tochi ya simu sekunde mbili, ukishapata fokasi ifunge, tochi izimwe, piga. Wenye simu msijione wanyonge, modi ya usiku ya simu za sasa inafanya kazi vizuri tu, ila iegemeze kwenye kitu, jamaa yangu alikuwa anaiegemeza kwenye ndala yake juu ya baraza na picha zake mbili zimezishinda zangu. Inaniuma lakini ndo hivo.

Taa ziwe angalau moja kwa kila mtu, na muulize mwongozaji mafuta juu ya nani. Hili dogo lakini linaleta ugomvi, maana mafuta ya taa siyo yale ya zamani ya kununua kwa kikombe bila kufikiria, toka serikali ipandishe kodi 2011 ili watu waache kuchakachulia dizeli, bei yake ni nyingine. Sisi tulinunua wenyewe. Kuna wanaotumia chemli za betri, zile za kichina zenye moto wa kuigiza, mi sizipendi, mwanga wake hauchezi hata kidogo.

Kitu kingine kilichonitesa ni ukungu. Nilipanga chumba chenye kiyoyozi nikalala mchana kamera iko humo, jioni natoka nje na lile joto la pwani, lenzi yote ikaota maji kama chupa ya soda. Nafuta inarudi, nafuta inarudi. Zaidi ya robo saa imekwenda hivo, na ningekuwa sijaanza mapema zile dakika za bluu ningezikosa zote. Kamera iache kwenye begi lililofungwa, itoe chumbani nusu saa kabla, izoee joto. Na ukirudi futa kila kitu kwa kitambaa chenye maji kidogo sana, ule upepo una chumvi.

Ufukweni nenda baada ya vichochoro, lakini angalia mwezi kabla hujapanga tarehe, usiangalie wikiendi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama tu ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na wakati wa bamvua saa nne usiku maji yamekupwa mbali kabisa, ngalawa na madau yamelala ubavu mchangani, unaweza kuweka chemli pembeni ya dau ukapiga kwa raha. Maji mafu, siku za nusu mwezi, ni kinyume, saa nne hiyo hiyo maji yamejaa na hakuna cha kuegemea. Kati ya mwezi mpevu na giza mi nachagua giza, maana kwenye giza ndo wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, zamani karabai siku hizi nyingi za betri, kule baharini unaona mstari wa taa kama mji mwingine, mbalamwezi ikiwa kali wengi wanapumzika. Tripodi kwenye mchanga mbichi inazama taratibu bila wewe kujua, picha yangu ya sekunde 30 ina madau mawili badala ya moja. Nikatafuta makopo matatu nikaweka chini ya miguu yake.

Nisisahau hili. Mmoja wa jamaa zangu, ni rafiki yangu na nampenda, alipata wazo la kumwomba kijana mmoja pale akae chini gizani na mnyororo mkononi, chemli pembeni, ati picha ya historia ya utumwa. Mwongozaji wetu alikuwa mcheshi usiku wote, hapo akakunja uso akasema hapana, hiyo hatupigi, babu zetu walipita hapa shingoni wana hayo machuma, sisi hatuigizi. Tukanyamaza. Niliona aibu kwa niaba yake na kidogo kwa niaba yangu, maana kabla hajakataa nilikuwa nshaanza kuwaza tripodi niiweke wapi. Basi.

Malipo tulimpa tulichopatana na tukaongeza kidogo, na pale penye baraza za watu tulinunua chochote kinachouzwa, kahawa, kashata, pweza. Lala huko huko, usikimbizane na gari za usiku umebeba kamera.

Wiki tatu baadaye nilirudi na picha ya ule mlango wa bibi nimeisafisha kubwa na kuitia fremu, ndo niliyoipenda kuliko zote. Nilichokuwa sikukigundua usiku ule ni kwamba paka alikuja akakaa kizingitini sekunde tano sita hivi shata ikiwa wazi, afu akaondoka zake, kwahiyo kwenye picha yupo lakini nakshi za mlango zinaonekana kupitia tumboni kwake. Bibi akaishika picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Huyu paka mbona mlango uko ndani yake?" Nikajaribu kumweleza habari za sekunde na shata. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaifunga picha kwenye kanga vizuri, akasema ahsante mjukuu wangu, nitaiweka sandukuni, ukutani siwezi kuitundika, watoto hawatalala.